Merikebu Iliyopita Wamaza

Redio ilisoma majina mara mbili, na mara ya pili polepole zaidi, kama vile kuna mtu Kasongo nzima ambaye hakusikia ya kwanza: wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari watakaorudia mtihani wa historia, leo saa nane, kwa mdomo. Jina la tatu lilikuwa la Nadine, mtoto wa mwisho wa Mama Léocadie. Atakayeanguka tena atarudia mwaka mzima.

Mama Léocadie alijipiga alama ya msalaba, akaendelea kugeuza mikate ndani ya mafuta. Benchi lake la kahawa liko mbele ya nyumba yake, karibu na kituo cha motards, wabeba abiria wa pikipiki, na wateja wa kila asubuhi walishafika na habari hiyo mdomoni. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita la msingi. Lakini macho anayo. Wiki nzima alimwona Nadine akikariri daftari jikoni bila kukosa neno, na akaona pia kwamba ukimuuliza "kwa nini", mtoto anafungika kama mlango.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Salomon, mkubwa wa kwaya ya Waprotestanti. Pale benchini wanamwita Sinode, maana hawezi kuomba sukari bila kufungua mkutano. Alisema Prof wa historia atauliza habari za Luther tu, na Luther yeye anamjua kama mjomba wake.

"Mjomba wako aliandika malalamiko makumi tisa na tano kwa barua moja," akasema Papa Abedi, fundi cherehani, ambaye jina lake la benchi ni Haji wa Karibu, kwa sababu safari yake ndefu kuliko zote iliishia Kabambare. "Mutu wa vile alikuwa na bibi nyumbani?"

"Bibi alikuja nyuma ya barua."

"Basi angechelewa kidogo, yangefika mia mbili."

Mama Léocadie, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliweka kikombe cha Sinode kwa nguvu zaidi kidogo kuliko desturi. Wakaelewa, wakahama kwa Luther, wakaenda kwa Kolombo.

Huko Haji wa Karibu alichukua neno na hakulirudisha haraka. Kwa maelezo yake, Kolombo alikuwa motard aliyechukua njia ya India, akafika pengine kabisa, akawaita wenye pale Wahindi, na mpaka siku ya kufa akashikilia palepale kwamba ni India. "Na wakamujengea sanamu," akasema. "Wewe, Célestin, ulipomupoteza ule muchungaji kwenye njia ya Nyangwe, walikujengea nini?"

"Walinijengea kichwa," akajibu Célestin, akigusa kovu la kipigo kichwani. Huyu ni motard, mtu wa kijiji cha Wamaza, na wote wanamwita Sharjeman, yaani shehena. Hakuna aliyewahi kuona pikipiki yake ikitembea bila mzigo. Akikosa mteja atabeba makaa, atabeba mbuzi. Siku moja alibeba mlango wa mtu pamoja na fremu.

Nadine akatoka ndani na daftari. Akasimama wima, akakariri: biashara ya pembe tatu, vitambaa na bunduki toka Ulaya mpaka Afrika, toka Afrika mpaka Amerika, sukari na tumbako toka Amerika mpaka Ulaya. Hata maji hayatiririki hivyo. Sinode akapiga makofi.

"Mwanangu," akasema Mama Léocadie bila kuacha mikate, "kwa nini hizo merikebu hazikurudia njia ile ile?"

Mlango ukafungika. Nadine akatazama ndala zake.

Sharjeman akasogeza vikombe. Akaweka birika ya kahawa upande mmoja, beseni la mikate katikati, kopo la sukari mbali.

"Dada, angalia. Birika iko Kasongo. Ninatoka na sabuni na chumvi, ninafika Wamaza, hapa kwenye beseni. Ninauzisha. Wamaza iko na muchele. Nikiuleta Kasongo, nani atanunua? Kila mutu analima. Ninaupeleka Salamabila, kwenye sukari, kwa wachimbaji. Wao wanalima mashimo tu. Salamabila ninabeba wale wenye kuchoka, ninarudi Kasongo. Chombo hakiendi mutupu. Hiyo njo pembe tatu."

Nadine alitazama meza, na Mama Léocadie akaona uso wa mtoto ukifunguka. Akarudia mwenyewe, kidole kikitembea: birika, beseni. Kidole kikasimama.

"Lakini kaka, pale kwenye beseni hawakupakia muchele."

"Walipakia nini?" akauliza Sharjeman.

"Watu."

Sharjeman aliondoa mkono mezani. Haji wa Karibu akasema polepole kwamba watumwa wa Nyangwe walipitishwa njia ya mashariki, hata babu zake walisimulia. Sinode, mtu wa vijiko vinne vya sukari, alikunywa kahawa yake vile ilivyokuwa.

Saa nane ilipokaribia Nadine akaenda. Mama Léocadie akashika rozari mfukoni na kuhesabu vitu vingine pia: saa tisa mteja wa Wamaza alimwita Sharjeman, naye akampitisha kwa mwenzake, akidai anasikiliza mlio mbaya wa injini. Injini ilikuwa imezimwa. Saa kumi akampitisha wa pili.

Karibu na saa kumi na moja, Sinode na Haji wa Karibu wamesharudi benchini, Nadine akatokea, akitembea vile hakutembea asubuhi.

"Saba kwa kumi. Prof alianza na 'kwa nini'. Nikaeleza yote, nikafika katikati, nikasema merikebu ikaingia Wamaza."

"Prof alisema nini?" akauliza Sinode.

"Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema pointi moja imekatwa, Wamaza haina bahari."

"Bado," akasema Sharjeman, na akapiga kiki ya pikipiki haraka ili arudi kwao Wamaza, maana jua lilikuwa linamkimbia na kituo kilikuwa kimebaki bila abiria hata mmoja.

Haji wa Karibu aliona kwanza. Akaweka kikombe chini. "Ee Sinode, angalia ile pikipiki. Iko mutupu."

Mama Léocadie alishaona zamani. Alikuja na mikate yote iliyobaki, imefungwa katika kitenge, akaifunga kwenye keria kwa mpira, akavuta fundo mara mbili.

"Wamaza," akamwambia. "Na kitenge ninakingoja hapa."