Gunia la Kimea la Profesa Goodhope

Siku Goodhope Ulimboka alipogundua kwamba binadamu mwenye akili timamu anaweza kulipia chakula kisichopikwa, alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli ya watalii pale Mikumi akiuza kucha za simba. Kucha zenyewe alizichonga kwa mkono wake kutoka kwenye pembe ya ng'ombe, na simba pekee aliyewahi kumwona kwa karibu ni yule wa kwenye fulana.

Biashara ilikuwa imelala. Ndani, mama mmoja wa Kizungu aliletewa sahani, na Goodhope, ambaye tangu jana alikuwa hajatia kitu tumboni, akanyoosha shingo kuangalia. Palikuwa na choroko zilizoota mikia, kabichi iliyoachwa makusudi mpaka ikachacha, na karoti ambayo haijawahi kuonana na moto. Mama yule alitafuna huku amefumba macho kwa raha.

"Aneth," Goodhope alimnong'oneza mhudumu, "yule mama anaumwa?"

"Haumwi. Ndicho chakula chake. Anakiita chakula hai, eti kinasafisha damu."

"Na mnamtoza kiasi gani?"

Aneth akamtajia. Goodhope akamwomba arudie, kisha akakaa kwenye ngazi. Ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya Nassir, ilisimama pikapu aina ya Pijo, nyeupe, yenye kibao "Inauzwa". Goodhope alikuwa akiitamani pikapu ile tangu mwezi wa pili. Mara tatu alikuwa amekaa kwenye usukani wake kwa kisingizio cha kuijaribu, na mara tatu Nassir alimteremsha. Morogoro alishafukuzwa, Dodoma alishafukuzwa, Iringa walikuwa bado wanamtafuta. Mtu wa namna hiyo bila gari lake mwenyewe hana uzee. Siku ile, akiwa pale kwenye ngazi, aliiangalia Pijo kama mtu anavyomwangalia mchumba aliyekubali.

Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa. Mitumba ruksa, soda za kopo ruksa, mashamba ya serikali kuuzwa ruksa, na mjinga kutapeliwa na Mtanzania mwenzake badala ya kungoja foleni ya duka la ushirika, hiyo nayo ruksa. Goodhope akapanda lori la mkaa kwenda Kilosa. Lori likaharibikia njiani, kwenye kijiji kiitwacho Ulaya, akalala huko siku mbili, na ndiyo maana aliposhuka Kilosa na kusema ametokea Ulaya alikohudhuria mafunzo ya lishe, hakuwa amedanganya kwa kiwango chake cha kawaida.

Kilosa ilikuwa imeiva. Wanaume walioibuka na pesa mpya, wenye mashine za kukoboa na maduka ya saruji, walikuwa wameacha vyakula vya mama zao kama mtu anavyoacha viatu vya yeboyebo akipata vya ngozi. Dona waliiita chakula cha wafungwa. Mchicha ulikuwa wa sungura. Wao walikula sembe nyeupe kama chokaa, nyama choma asubuhi, bia baridi mchana, na jioni walikaa barazani kulinganisha magonjwa: huyu presha, yule sukari, na Bwana Wenceslaus, mwenye mashine kubwa kuliko zote, alikuwa na kidole gumba cha mguu kilichovimba hata akavaa kiatu kimoja na ndala moja.

"Waheshimiwa," Profesa Goodhope aliwaambia barazani pale, akiwa na miwani isiyokuwa na nguvu yoyote, "mnachokula ni maiti. Mnakoboa, mnachemsha, mnakaanga, mnazika tumboni. Mimi nimekuja na chakula hai. Chakula hai kinapumua. Ukikifungia, kinakasirika."

Sentensi hiyo ya mwisho aliitunga juu ya lori. Aliipenda sana, na hakujua kwamba ni kweli.

Mali yenyewe aliipata stesheni, kwa shangazi wa watu aitwaye Costancia, mjukuu wa manamba wa mkonge, aliyeuza togwa pale tangu treni zilipokuwa zinafika kwa saa. Costancia alikuwa akiloweka ulezi, akiuchuja na kuufunika kwa gunia mpaka uote, akiuanika na kuusaga. Huo ndio kimea, na kimea ndicho kinachogeuza uji wa mahindi kuwa togwa. Kila mwanamke wa Kilosa anajua kazi hiyo. Mwanamume hata mmoja haijui. Wanaume wa kule hunywa togwa tangu wakiwa mgongoni, kwenye harusi, matanga na kilimo cha kusaidiana, na ukimuuliza mmoja wao utamu ule unatoka wapi atakuambia kwa kujiamini kabisa kwamba ni sukari. Goodhope alikuwa amepata mgodi, na ufunguo wake ulikuwa ujinga wa waume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nahitaji ndoo mbili za togwa kila siku, na kimea debe moja."

"Una harusi?"

"Ninayo, mama. Ya muda mrefu."

"Na bibi harusi hachoki?" Costancia aliuliza, akaendelea kukoroga.

Goodhope aliichuja togwa, akaitia ndimu na tangawizi, akaimimina kwenye chupa za kijani na kubandika karatasi aliyoagiza ipigwe chapa Morogoro: LISHE HAI. TIKISA KWANZA. MWANAMKE ASIGUSE. Hilo la mwisho lilikuwa uti wa mgongo wa biashara, kwa sababu mke yeyote angenusa mara moja tu na kuuliza kwa nini bwana amenunua togwa kwa bei ya kuku. Wanaume aliwaeleza kwamba ni mambo ya homoni. Waliitikia kwa vichwa vizito. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua homoni ni nini, na hapakuwa na hata mmoja ambaye angekubali kuuliza mbele ya wenzake.

Wenceslaus alipoonja mara ya kwanza, alikunja uso. "Profesa, ladha hii naijua. Kama kitu nilichokunywa utotoni."

"Hapana, mheshimiwa. Ni mwili unakumbuka afya."

"Ahaa," alisema Wenceslaus, na machozi yakamlengalenga.

Basi wakanywa. Asubuhi walilamba kijiko cha ulezi ulioota, mchana walitafuna kabichi mbichi wakiwa wamejificha ghalani, na bia waliacha kwa sharti. Baada ya wiki tano kidole cha Wenceslaus kilinywea, akavaa viatu viwili, na mji mzima ulimwona akitembea. Goodhope ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi, na jambo lile lilimkosesha amani siku nzima.

Lakini muujiza ni mtaji. Akatangaza kiwanda. Yalikuwa maneno ya wakati ule: hisa, ubia, mwekezaji, ukiyatamka matatu kwa mfululizo mwanamume wa Kilosa anaingiza mkono mfukoni kabla hujamaliza. Hisa zilinunuliwa ndani ya siku nne, na alipolinganisha mfuko wake na bei ya Nassir, Pijo ilikuwa yake.

Likaja tatizo moja. Wanahisa hawakuwa wajinga wa kila kitu, na walimpa mkurugenzi wao mlinzi: Stefano, mstaafu wa reli, mtu mrefu, mpole, asiyezungumza, aliyemfuata Goodhope sokoni, kanisani na hadi mlangoni mwa choo. Kila alipogusa begi lake, Stefano alikohoa.

Goodhope alifikiri kutwa, akafikia mpango aliouona mzuri kuliko yote aliyowahi kubuni. Kila Ijumaa Costancia hupeleka magunia ya kimea Mikumi kwa basi, kwa wauza togwa wa stendi. Nani atapekua gunia la kimea? Alikwenda kununua gunia zima siku ya Alhamisi.

"Kimelala jua moja tu, baba," Costancia alisema. "Bado kina maji. Ngoja hadi Jumapili."

"Nina haraka, mama."

"Haya. Na ile tangawizi upunguze. Ya juzi iliwasha."

Goodhope alishtuka kidogo. Alikuwa hajawahi kumwambia habari ya tangawizi. Lakini alikuwa na mambo makubwa kichwani, akajiambia kwamba vikongwe hunusa kila kitu. Alikwenda chumbani, akafunga pesa za hisa kwenye mfuko wa nailoni, akazizika katikati ya kimea, akashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, mishono mirefu mara mbili, mpaka gunia likakaza kama ngoma. Ijumaa asubuhi Stefano mwenyewe, kwa hiari yake, alilibeba begani hadi stesheni kwa Costancia. Goodhope alitembea nyuma yake mikono mitupu, na ilibidi ajiume ulimi asicheke.

"Mama, hili lishushwe Mikumi, liandikwe jina langu. Usilifungue. Ni la Wazungu wa hotelini."

Costancia aliweka kiganja juu ya gunia, akakiacha hapo kitambo. "Sawa, baba," alisema.

Jumapili, ibada ikiendelea na Stefano akiwa amepitiwa na usingizi katikati ya mahubiri, Goodhope alitoka kama anakwenda kukohoa, akadandia lori la mchanga. Mikumi alilikuta gunia lake kwa mkata tiketi, jina lake limeandikwa vizuri, mishono mirefu mara mbili. Akalipandisha kwenye mkokoteni, akalisukuma mwenyewe hadi gereji.

"Nassir, washa gari. Leo hutanishusha."

Alikata kamba kwa kisu, akazamisha mkono. Kimea. Akazamisha hadi kiwiko. Kimea. Alilipindua gunia lote chini ya mlango wa Pijo, akapekua kwa magoti, Nassir akimwangalia na funguo mkononi. Kilikuwa kimea kizuri sana, kikavu, kisafi, chenye harufu tamu, kimeanikwa jua tatu kamili.

"Hiki hakitoshi hata tairi moja," alisema Nassir kwa upole.

Goodhope alikaa juu ya rundo lile mpaka jua likamhama. Alitafuta wa kumshitaki. Angekwenda kituo cha polisi aseme ameibiwa nini, na alikipata wapi? Maisha yake yote alikuwa akiwafanya watu wasiweze kumshitaki kwa aibu, na siku ile ndipo alipojua aibu ile inakaa sehemu gani ya tumbo. Aliumia kweli. Asubuhi iliyofuata Pijo haikuwepo. Nassir alisema imepata mteja, akina mama fulani.

Baada ya miezi miwili Goodhope alikuwa amerudi mlangoni mwa hoteli na kucha zake, amekonda, miwani imevunjika kioo kimoja. Akaisikia Pijo kabla ya kuiona. Ilisimama mbele ya ngazi, imejaa kreti za chupa za kijani. Mlangoni iliandikwa kwa rangi nyekundu: LISHE HAI, AKINA MAMA KILOSA. Kwenye usukani alikaa Stefano, na pembeni yake, kitenge kipya, alikaa Costancia.

"Shikamoo, mama," alisema Goodhope. Afanyeje?

"Marahaba, baba. Lile gunia ulilipata?"

"Nililipata."

"Lilikuwa na joto," Costancia alisema akishuka taratibu. "Kulishika tu nikajua: mtoto huyu ameshona kimea kibichi, kitavunda kabla basi halijafika hata pale kijijini Ulaya. Nani angeliacha vile? Nikalifumua, nikakimwaga, nikakianika upya, nikalituma Jumapili alfajiri. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kumbe ulikuwa umeweka na hisa."

"Zile zilikuwa pesa za wanaume, mama."

"Tunajua. Natalia, mke wa Wenceslaus, alinusa chupa yako tangu wiki ya pili, akaniletea. Wake zao wote wamo kwenye kiwanda. Waume walipokuja juu, Natalia aliwaambia: kiwanda mlichochangia si hiki hapa? Na kama hamridhiki, nendeni polisi mkaandikishe kwamba mlikuwa mnanunua togwa."

"Wakaenda?"

Kwenye usukani Stefano alikohoa, na safari hii kikohozi kilifanana na kicheko.

"Wako kwenye foleni," alisema Costancia. "Wanaume wale wangekufa kabla ya kukiri. Tumepandisha bei mara mbili."

Alitoa chupa moja kwenye kreti. Karatasi ilikuwa ile ile, MWANAMKE ASIGUSE, hawakubadilisha hata herufi. Kifuniko kilikuwa kimelegezwa robo mzunguko. Ilipokuwa mkononi mwake, Goodhope alisikia togwa ikitoa pumzi ndogo pembeni mwa kifuniko, na sauti hiyo ilimuumiza kuliko mlango ule uliopakwa rangi.

"Kinapumua, baba," Costancia alisema. "Ukikifungia kinakasirika. Si wewe uliyewafundisha?"

Goodhope alikunywa yote bila kupumzika, kwa sababu alikuwa na njaa na kwa sababu ilikuwa nzuri. Tangawizi walikuwa wameipunguza. Alipomaliza, Costancia alinyoosha mkono, na mkono ule haukuwa wa kuagana. Hakuwa na senti. Akaingiza vidole mfukoni, akamwekea kiganjani ukucha mmoja wa simba.

Costancia aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza, akaunusa.

"Hii ni pembe ya ng'ombe," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Goodhope, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kuhusu bidhaa yake tangu masika.