Mashine ya Tembo na Dakika ya Kimya

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwahidi mke wangu Noelene: dola ishirini tu kwa siku kwenye mashine za kamari za klabu ya askari wastaafu, na ikigonga saa kumi na mbili jioni nanyanyuka. Nikivunja ahadi, anakwenda likizo kisiwani Tasmania bila mimi. Tiketi mbili za meli kazibandika kwenye friji nizione. Kazi ndogo hiyo.

Jumanne, 5 Machi
Nafika klabu, shemeji yangu Clarrie, kaka yake Noelene, kakaa kwenye mashine yangu, ile yenye picha za tembo. Yangu! Jana nimeilisha mchana kutwa, imeiva, halafu yeye aje avune? Nikamshtakia Rhonda wa kaunta. Akasema, Des, mashine haiivi wala haikumbuki mtu; kila ukibonyeza ni bahati mpya, na mwisho wa yote klabu ndiyo inayokula. Akanipa kijitabu cha kucheza kwa kiasi. Nikampelekea Clarrie, nikamwambia kwa huruma kwamba watu wanamsema. Akaondoka kanywea. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Mashine nzima yangu. Dola ishirini zikaisha, nikaongeza kidogo. Saa kumi na mbili taa zikafifia, klabu yote ikasimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani, kama kila siku. Nikasimama na mimi, kofia mkononi. Kofia ikagusa kitufe. Tembo kumi na watano wakajaa kwenye kioo na kuanza kulia: mashine imenizawadia mizunguko ya bure, na mizunguko ya bure haizimiki mpaka iishe. Watu wote wakageuka. Mbele yao Noelene, aliyekuja kununua tiketi za bahati nasibu ya klabu, ambayo mshindi hupewa nyama. Akageuka, akatoka. Angenitukana ningepona.

Alhamisi, 7 Machi
Kamati ya klabu imenifungia nisiingie mwezi mzima. Jioni Clarrie kaja mlangoni, machozi yanamtoka. Eti kijitabu kakisoma chote, kamari basi, na asante shemeji, umeniokoa. Noelene akamtazama sana, kisha akaitazama friji. Sikuupenda mtazamo ule.

Jumamosi, 9 Machi
Wamepanda meli, dada na kaka. Tiketi yangu! Noelene kaniachia kijitabu mezani, nami nimekisoma mara mbili, kwa makini. Ukurasa wa tatu unasema wazi: mashine haina kumbukumbu. Mbona hawakuniambia mapema? Basi haijui kwamba nimeliwa miaka yote hii, na haina kinyongo nami. Kuna klabu nyingine, mwendo wa nusu saa kwa gari. Nachukua dola ishirini tu. Kofia naiacha nyumbani.