Tata Kabeya Iko mu Jiwe

Jumatatu, 14 Desemba 1992

Kiti kipya kazini. Kinazunguka. Nimezunguka mara tatu kabla Numbi hajaingia. Numbi ni mkuu wetu kwenye depo ya vipuri, na hapendi mzaha. Akasema kiti ni changu sasa kwa kuwa Kabeya hatarudi. Nikasema asante. Halafu nikajisikia kama mtu aliyekula kwenye sahani ya jirani. Kabeya ni jirani yangu kweli. Nyumba zetu zinashiriki ukuta mmoja.

Kabeya amezaliwa hapa hapa Kolwezi. Wazazi wake ndio waliotoka Kasai, na mwaka huu, watu wa Kasai wakifukuzwa mkoani kwetu, hilo limetosha kumtoa kazini. Juma lililopita vijana walipita avenyu yetu wakitia alama za chaki kwenye milango. Tangu hapo madirisha yake yamefungwa. Watu wanasema ameshakwenda stesheni na mkewe Ndaya na watoto wao watatu, kulala juu ya changarawe na wale wote wanaongoja treni ya Kasai. Mimi najua hajaenda. Ukuta ni mwembamba. Namsikia akikohoa.

Kazi yenyewe haipo. Mashine za mgodi wa Mashamba zimenyamaza, shimo linajaa maji ya mvua, na kantini imebakiwa na chupa za siki tu. Lakini kiti ni kizuri.

Gradi, mwanangu wa miaka saba, alirudi nyumbani na lile neno la barabarani wanalowaita watu wa Kasai. Mke wangu Huguette alimsugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Kisha akanitazama mimi muda mrefu. Sikuwa nimesema kitu.

Jumanne, 15 Desemba

Nina mpango.

Jumamosi kwaya mbili za parokia zinashindana: yetu ya avenyu, na ile ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, inayoongozwa na Numbi. Washindi wataimba Misa ya Noeli. Zaidi ya hayo, Jumatano kabla ya Noeli watapelekwa Nzilo pamoja na familia zao, kuangalia bwawa na kula kando ya maji, kwa kamioni, lori la Alfani msafirishaji. Nimewaahidi watoto Nzilo miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mvua. Mwaka wa pili surua. Mwaka jana wasafiri walitusahau, au mimi nilikosea siku. Mbuyu, binti yangu wa miaka minne, sasa anaamini Nzilo ni kitu cha hadithi, kama sungura anayesema.

Shida ni moja. Kiongozi wetu alikuwa Kabeya. Nikajitolea. Wanakwaya wakakubali haraka, kwa sharti moja: nisiimbe. Nimewaelewa. Wanataka nguvu zangu zote ziende mkononi.

Mazoezi jioni. Tumebaki watu tisa. Sauti nzito zote ziko stesheni. Nilipunga mkono vizuri sana, lakini hakuna kilichotoka.

Alhamisi, 17 Desemba

Mpango ndani ya mpango. Mchana niliingia kwa Kabeya kwa mlango wa jikoni, na bakuli la sombe, majani ya muhogo, mkononi ili nisionekane na nia nyingine. Alikuwa amekaa gizani. Ndevu zimemjaa usoni. Watoto wake wanacheza kwa kunong'ona. Sikupenda kuona hilo.

Nikamweleza. Kanisani kuna pango la Noeli, jiwe kubwa la karatasi za mifuko ya saruji, na mimi ndiye ninayelipaka makaa mwaka huu. Yeye aingie ndani mapema, kabla ya watu. Aimbe besi kutoka humo. Mimi nitasimama mbele na kupunga. Tutashinda, na hakuna atakayejua.

Kabeya aliniangalia kama mtu anayesoma barua yenye makosa. Akasema, "Nkulu, we haujue hata do na re. Sasa mi niimbe mu karatasi, we ushangiliwe?"

Nikasema ndiyo, hasa.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndaya akatoka chumbani kuona kuna nini, akasema tangu bamufukuze ku kazi huyu bwana hajacheka wala hajaimba, na mutu kama yeye akinyamaza sana atapasuka. Akasema, "Muache aende. Afazali mu karatasi kuliko hapa."

Kabeya akakubali. Nadhani nilimshawishi kwa hoja.

Jumamosi, 19 Desemba

Tumeshinda. Naandika kwanza hilo, kwa sababu Huguette hataki kulisikia.

Kanisa lilijaa. Kwaya ya Numbi iliimba kwanza. Watu arobaini, vitambaa vya rangi moja. Kisha sisi tisa tukasimama mbele ya pango, mimi na rula ya depo mkononi. Nikapunga. Na kutoka kwenye jiwe ikaja ile sauti. Viti vilitetemeka. Wanakwaya wangu, waliokuwa wanaimba kama watu wanaoomba radhi, wakainua vichwa. Padri alifungua macho.

Ubeti wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Katika ubeti wa tatu Mbuyu, aliyevikwa ngozi ya kondoo pamoja na watoto wengine wa pangoni, aligeuka. Anaijua sauti hiyo tangu azaliwe. Akasema kwa nguvu, "Tata Kabeya iko mu jiwe." Akavuta karatasi ili amsalimie.

Jiwe lote lilianguka.

Kabeya alikuwa amekaa juu ya ndoo, mweusi kwa makaa, mdomo wazi. Numbi akasimama. Niliona vijana wawili wa chaki mlangoni. Mimi niliendelea kupunga. Sio ujasiri, mkono ulikataa kusimama.

Kabeya naye alinitazama, akautazama mkono, akainuka kutoka kwenye ndoo na kuendelea na ubeti pale alipouachia. Peke yake. Kisha, kwenye benchi la mbele, mama yake Numbi akasimama. Mzee, mdogo, fimbo mkononi. Kabeya ndiye aliyemfundisha kusoma noti alipofiwa na mumewe. Akaingia na sauti ya kwanza. Mwanawe akamvuta nguo, yeye akautoa ule mkono kama mtu anayetoa mdudu. Halafu benchi la pili. Halafu kanisa zima, hata kwaya ya kambi. Padri alifuta uso na kusema hakuna haja ya kuhesabu kura.

Uani Numbi aliniambia kwamba Jumatatu tutazungumza juu ya kile kiti. Akatazama upande wa avenyu yetu, ilipo nyumba ya Kabeya.

Huguette alinipeleka nyuma ya kanisa. Alisema polepole, jambo ambalo ni baya zaidi kwake. Akasema, "Baba Gradi, watu walizania ameenda. Hiyo ndiyo ilimulinda. Sasa umemutosha inje mbele ya macho ya bote." Sikuwa nimelifikiria kwa upande huo. Kabla jua halijazama, Huguette alikuwa amewahamisha wote watano kwetu.

Jumatatu, 21 Desemba

Kiti kimekwenda. Niko stoo, natenganisha bolti. Numbi alisema nishukuru kuwa na stoo.

Tuko watu tisa katika vyumba viwili. Ndaya amechukua jiko na sombe imekuwa tamu ghafla, sitamwambia Huguette. Watoto watano juu ya mkeka mmoja. Gradi anafundishwa kupiga mluzi na mtoto mkubwa wa Kabeya, na lile neno la barabarani halijatoka tena. Mimi nikivuma wimbo huku nanyoa ndevu, Kabeya ananiomba niache, kwa heshima, mara nne.

Saa tisa alasiri vijana walikuja. Tuliwasikia wakivunja mlango wa Kabeya. Ndaya alifunga macho. Kabeya aliweka kiganja ukutani, ukuta ule ule, na kusikiliza vitu vyake vikibebwa. Kabati. Vyungu. Kile kinanda kidogo cha miguu, ambacho kililia kilipogonga kizingiti. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Kisha wakaja kwetu. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kusimama. Huguette alifungua mlango kabla hawajagonga. Na kizingitini, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mama yake Numbi, akichambua maharage, amekuja kwa mazoezi tangu adhuhuri. Aliwauliza kijana mmoja mmoja jina la mama yake. Akawaambia ndani kuna mazoezi ya Noeli, na mwenye sauti aingie, asiye na sauti asichafue saruji aliyofagia Huguette. Yule mkubwa wao akavua kofia. Akasema, "Pardon, mama." Wakaondoka.

Miguu yangu ilirudi baada ya nusu saa. Na pamoja nayo mpango. Kamioni ya Jumatano.

Nilimwendea Alfani gereji kwake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuifikisha katikati. Alisema baada ya kutushusha Nzilo anaendelea kaskazini na chumvi yake hadi reli ya Kamina, na huko treni za Kasai zinapita bila mtu kuulizwa. Akasema, "Baba yangu alifika hapa na chumvi toka Kasongo. Naye balimuita mutu ya kuya, mugeni. Lete batu yako, tata."

Nimelala nikijipongeza.

Jumatano, 23 Desemba

Siku kubwa ya maisha yangu. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilimnyoa Kabeya ndevu zote. Nilimkata kidevuni mara mbili tu. Tukamvika kitambaa cha kwaya, tukamweka katikati ya wanaume. Ndaya na watoto wakakaa juu ya magunia ya chumvi kati ya familia za wengine, kila mama amepakata mtoto asiye wake. Huguette alilipanga hilo. Mimi nilikaa mbele, karibu na Alfani.

Kilomita chache nje ya mji, kizuizi. Mti umelazwa barabarani, vijana kama kumi wenye majani kwenye kofia. Mmoja akauliza sisi ni nani. Kwaya, nikasema. Akauliza kiongozi ni nani. Nikasimama. Akasema watu wengi siku hizi wanajiita kwaya. Kama mimi ni kiongozi, niimbe. Peke yangu.

Nyuma yangu nilisikia mwanakwaya mmoja akisema, "Mungu wangu, hapana." Lakini mtu akiitwa, anaitika. Nikaimba. Nilianza juu kidogo, kisha nikapanda.

Walitokwa na machozi. Sitilii chumvi. Wawili walikaa chini barabarani wakishika matumbo yao kwa uchungu. Yule aliyeuliza alijaribu kunisimamisha kwa mkono, akashindwa kusema, akageuka akaegemea mti. Katika ubeti wa nne waliuondoa mti wenyewe na kutupungia tupite, tupite. Hakuna aliyemtazama Kabeya. Yeye naye alikuwa analia, uso ndani ya kitambaa, mabega yakiruka. Sikujua sauti yangu ina nguvu hiyo.

Nzilo ipo. Mbuyu alishuka, akaona maji yakimwagika kwa ngurumo, akanishika kidole. Akasema, "Kumbe haukubongopa." Hilo nimeliandika mara mbili kwenye kitabu hiki, hapa na kwenye jalada.

Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki juu ya nyasi. Watoto walikimbia mpaka wakaanguka. Kabeya aliongoza nyimbo tatu, kwa sauti yake yote, uso wazi kwenye jua, bila karatasi. Nilimpa rula yangu aongoze nayo. Alasiri Alfani akapiga honi. Ndaya na Huguette walishikana. Kabeya aliniweka mkono begani. Akasema hatanisahau, na ananiomba kitu kimoja: niongoze kwaya daima, lakini niimbe pale tu maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Kamioni ikapanda kilima. Tuliwapungia mpaka vumbi likaisha.

Hapo Huguette akaniuliza tunarudi vipi nyumbani. Watu thelathini na mmoja wakageuka kunitazama. Sikuwa nimefika sehemu hiyo ya mpango. Tulitembea kama saa moja, kisha wachuuzi wa samaki wa ziwani wakatuchukua kwa kamioni yao, tukikaa juu ya vikapu. Gradi anasema matembezi yote yawe hivi. Tunanuka hadi kwenye nywele.

Ijumaa, 25 Desemba, Noeli

Watoto na nguo mpya, yaani za mwaka jana zilizoshushwa pindo. Kuku mmoja. Mama yake Numbi alikuja kula kwetu, na Numbi akamfuata, akakaa ukingoni mwa benchi, akala paja. Dereva mmoja wa Alfani alirudi jana na habari: wamefika, wamepanda treni, Ndaya amemtumia Huguette salamu na namna ya kupika sombe. Nyumba ya jirani iko kimya. Nimegonga ukuta mara moja, bila sababu.

Misani niliongoza vizuri. Lakini baada ya yale ya barabarani nisingeweza kuwanyima watu. Kwenye komunyo niliweka rula chini na kuimba peke yangu. Wote waliinamisha vichwa. Mama mmoja alimtoa mtoto nje, nadhani ili naye asizidiwe. Baadaye padri alinishika mkono na kuniomba niipumzishe sauti hiyo, ikiwezekana muda mrefu. Nimemwelewa. Kitu cha thamani hakitolewi kila siku.

Kwa hiyo nimemwandikia barua: Mwaka Mpya nitaimba Misa nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kwaya. Nilimsomea Huguette. Akakumbuka papo hapo kwamba siku hiyo lazima awapeleke watoto Fungurume kwa dada yake. Wanakwaya wote nane nao wana safari. Hata mama yake Numbi.

Inasikitisha. Watakosa.