Maziwa ya Akidor

Jumatatu, 4 Machi 1974. Lodwar.
Nimeamua. Shemeji yangu Akidor, mdogo wa mke wangu Abei, atasema! Msichana mzima, hatamki neno. Lori likipita anaziba masikio. Chakula chake ni maziwa lala tu, kwenye kibuyu chake mwenyewe, na tumbo haliishi kumsumbua. Karani mwenzangu Omollo amesikia mahali kwamba maziwa ndiyo hufunga ulimi. Basi, maziwa basi! Nimeshampelekea baba mkwe habari huko Kakuma: aje Jumapili, bintiye atamwamkia.

Jumanne, 5 Machi.
Nimeficha kibuyu. Nimempa maharagwe na samaki mkavu, chakula cha maana. Ameibeba sahani hadi nje, akaiweka chini, akarudi kukaa. Kuku wa jirani wamekila chote. Dharau!

Alhamisi, 7 Machi.
Hajala. Tangu asubuhi analia na kujipiga tumbo, choo kimefunga. Tumempeleka hospitali. Nesi Jerotich amenigombeza mbele ya foleni nzima! Eti maziwa hayafungi ulimi. Eti mtu asiye na maneno, tumbo likimuuma, atalisemea kwa kelele. Eti nirudishe kibuyu, anywe maji, na chakula kipya, tuseme uji, kiwekwe kando tu, kidogo kidogo, bila kumlazimisha. Mimi, karani wa serikali, kufundishwa mambo ya uji!

Ijumaa, 8 Machi.
Nimerudisha kibuyu. Ila nimeponda maharagwe nikayakoroga humo kwa siri. Akidor alinusa, akanitazama, akanimwagia yote kwenye suruali ya kanisani. Abei akasema, "Elijah, gusa hiyo kibuyu tena, utalala kwa Omollo." Nyumbani kwangu mwenyewe!

Jumapili, 10 Machi.
Tangu jana Abei anaweka bakuli la uji wa mtama kando ya kibuyu, kimya kimya. Leo Akidor amechovya kidole, akalamba, akanywa nusu. Tumbo limetulia.

Mchana akafika baba mkwe, mzee Lomenen. Akidor akakaa naye bega kwa bega. Nikamhimiza amwamkie kwa Kiturkana: "Sema ejok, shemeji! Sema ejok!" Akaziba masikio.

Mzee akanigeukia. "Wewe nyamaza. Mimi nasikia mtoto yangu hivi hivi."

Ndipo Akidor akamsogezea kibuyu anywe. Hajawahi kumpa mtu! Mzee amekunywa huku machozi yakimtiririka. Amemshukuru Abei. Amemshukuru Jerotich, ambaye hata hakuwepo! Mimi? Hata neno! Na ni wazi kabisa kwamba maharagwe yangu ndiyo yaliyofungua njia.

Hata hivyo sina kinyongo. Nimemchunguza mzee amelala hapa: anakoroma vibaya sana. Ni nyama kavu ile aliyokuja nayo kutoka Kakuma. Kesho, kabla hajaamka, naificha.