Siku Nilipouza Kimya Changu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeteuliwa! Au tuseme nimejiteua. Kanisa letu hapa Memphis linachangisha fedha ili wanawake na wasichana Weusi wa mtaani wapate kumwona mshauri wa saikolojia. Sisi tulilelewa kumeza uchungu na kuimba. Sasa Tamsin, binti wa marehemu mdogo wangu, kaumeza mpaka umemkaba. Tangu mazishi ya mama yake ni ndiyo na hapana tu. Bima yangu haigusi mambo hayo. Basi nitachangisha mimi. Na nitampiku Claudette Pruitt, yeye na pai zake za viazi vitamu zinazosifiwa hadi mimbarini!

Jumatano, 5 Juni
Pai zangu zimegombaniwa kwenye ukumbi wa kanisa! Kasoro ndogo: zilitoka dukani. Nilizihamishia tu kwenye sahani zangu. Claudette akainua moja, akakuta kibandiko cha bei kimenasa ubavuni. Akakitembeza ukumbi mzima. Nikasema nimeongeza upendo.
“Vernelle, dada yangu,” akasema, “ningetoa dola hamsini nikuone umefunga huo mdomo siku nzima.”
Na mimi! wakaitikia nyuma. Na mimi! Mchungaji naye, mtumishi wa Mungu, kanyoosha mkono.
Nimetukanwa. Nimedhalilishwa. Nimepata wazo!

Jumamosi, 8 Juni
Sijatamka neno tangu nifungue saluni yangu asubuhi. Watu wamelipa kuja kunichokoza; nikitamka neno kabla ya kufunga, fedha zao zinarudi. Mmoja kadai saladi yangu ya viazi ina zabibu kavu, aibu kuu jikoni kwetu. Uzushi! Nikauma kitana. Claudette akajimwaga kitini, akatangaza kuwa mume wangu Otis alimposa yeye kwanza. Machozi yalinitoka. Mdomo, wapi!
Kisha Tamsin akaacha kufagia nywele, akaketi kando yangu. Akaanza kusema. Kwamba asubuhi ile ya kufariki kwake, mama yake alimpigia simu naye hakupokea, akidhani anakumbushwa kuosha vyombo. Kwamba hulala na sweta ya mama yake. Mtu akazima mashine ya kukaushia. Ushauri ulinijaa kinywani mpaka mashavu yakauma! Nikamshika mkono tu. Akalia sana. Nami nikalia, bila sauti, maana dau ni dau.
“Mama mkubwa,” akasema, “leo ndiyo umenisikiliza.”
Claudette akafungua mkoba, akaumwaga wote kwenye kapu la michango. Na peremende zake.

Jumapili, 9 Juni
Ushindi! Kanisa zima wima! Tamsin atamwona mshauri mwaka mzima, na wengine wengi pamoja naye. Mama Birdsong, aliyezika wana wawili na hajawahi kulia mbele ya mtu, kaomba aandikwe wa kwanza. Mchungaji kanitaja kabla ya Claudette. Nimehakikisha kasikia.

Alhamisi, 13 Juni
Nimempeleka Tamsin kwa mshauri, Daktari Wingate, dada yetu Mweusi, mpole, mwenye rasta nadhifu. Nikaona nimsaidie. Nikamweleza kwamba siri ya kazi yake ni kunyamaza na kusikiliza. Nikamfafanulia kwa mifano. Nikampa na historia ya ndoa yangu. Saa ya Tamsin ilipokaribia nusu, akaniomba kwa adabu nisubiri nje. Nje! Mimi, bingwa wa kusikiliza!
Nikaendelea kupitia upenyo wa mlango.
“Mama mkubwa, kaa chini!” Tamsin akapaza sauti, akacheka, na daktari naye akacheka.
Masikini. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye utangulizi.