Ufunguo wa Kanisa la Villarcabo

Jumatatu, 8 Mei

Oviedo. Manyunyu tena. Don Senén, mkuu wa shule yetu ya Kihispania, katuita mimi na Nieves Arbesú. Anataka Mkuu wa Ziara mmoja tu. Wanafunzi wa kigeni watapiga kura Jumamosi jioni kwa maharagwe, kila mtu punje moja. Atakayeshindwa atahamia stoo kupanga kamusi. Stoo! Mimi, Eladio Prendes, miaka kumi na moja nawatembeza wageni mkoa huu wa Asturias! Nieves ana miwili. Sote tumepewa kanisa la kale la Villarcabo: yeye Ijumaa, mimi Jumamosi. Don Senén akanikumbusha, bila sababu yoyote, nilivyowapeleka wanafunzi makumbusho siku ya Jumatatu, wakati kila mtoto anajua Jumatatu hufungwa. Nilisahau mara moja tu. Mara mbili.

Jumanne, 9 Mei

Nina akili sana! Ufunguo wa kanisa hutundikwa nyuma ya mlango wa jikoni kwa Bi Etelvina, ajuza wa miaka themanini na minne. Bila ufunguo, Nieves atawaonyesha wageni ukuta. Nikaenda Villarcabo, nikajifanya mcha Mungu, nikaomba kuutunza kidogo. Bibi akanitazama mpaka nikaona haya. Akauliza kama naupokea pamoja na mambo yake yote. Yote, bibi, yote! “Mwanangu,” akasema, machozi yakimlengalenga, “miaka sita natafuta mtu wa kunipokea huu mzigo.” Akamwita Bwana Celso, mkuu wa kijiji, aliyekuja na karatasi. Nikatia saini. Sikusoma. Nani anasoma na jibini la bibi mdomoni?

Ufunguo ni wa chuma, mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Nimeufunga kifuani.

Jumatano, 10 Mei

Celso kapiga simu. Mwenye ufunguo ndiye apigaye kengele ya saa sita mchana. Kila siku! Kilomita arobaini za kona. Nimeipiga mara kumi na moja, kamba imenichuna viganja. Celso kanifokea kwamba kijiji kizima kimekaa na vijiko mkononi kikisubiri mlio wa kumi na mbili. Halafu nikafagia kinyesi cha mbayuwayu.

Nieves kaniuliza kama najua ufunguo uko wapi, maana Bi Etelvina anacheka tu. Nikamwambia mambo ya vijijini yana siri zake. Raha iliyoje!

Alhamisi, 11 Mei

Balaa. Kesho Ijumaa ni msaragambo, kijiji kizima kuchimba mtaro mbele ya kanisa, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake. Nikamwambia Celso sina nyumba Villarcabo. Akasema mwenye ufunguo huhesabiwa nyumba. “Tumeshakuandika, bwana. Nyumba ya kumi na mbili. Ukikosa, pipa la mvinyo wa tufaha kwa kijiji kizima, na sisi tunakunywa kweli.” Nikasema basi narudisha ufunguo. Akanisomea karatasi. Mwaka mzima!

Haidhuru. Nieves atafika saa tano. Nitachimba asubuhi, saa nne niwe nimetoweka, kengele na isubiri.

Ijumaa, 12 Mei

Saa tatu na nusu niko mtaroni, tope magotini, mvua shingoni. Nieves huyo! Anawahi kila mahali, mwanamke asiye na adabu. Wanafunzi kumi na wanne nyuma yake. Mlango umefungwa. Nikainama. Celso akapaza sauti: “Mwenye ufunguo huyo hapo mtaroni! Eladio, simama wageni wakuone!”

Nikasimama. Nieves akatabasamu. “Kumbe unao wewe, kaka?” Nikautoa kifuani ukidondosha tope, nikafungua. Dorrit, yule Mdenmarki, akanipiga picha tisa. Kisha Nieves akawaambia washike majembe. Wakashika! Wakaimba! Wakala maharagwe na soseji na kijiji kizima. Nieves akawaeleza kwamba mimi nimejitolea siku nne kuwaandalia haya yote, wakanipigia makofi. Nimeumia kuliko ningetukanwa.

Jumamosi, 13 Mei

Ziara yangu. Wamekuja sita. Kanisa wameshaliona. Nimewaeleza dirisha moja kwa saa mbili, nikakimbilia kengele. Niliporudi, wote walikuwa jikoni kwa Bi Etelvina wakila wali wa maziwa.

Maharagwe: Nieves kumi na tatu, mimi moja. Ni la Kazuo, Mjapani. Aliuliza kama anaweza kulitoa.

Jumapili, 14 Mei

Nimelia kidogo, kwenye gari. Nieves ni Mkuu wa Ziara. Lakini stoo siendi! Kasema wageni wanataka Villarcabo kila Ijumaa, na kwa kuwa mimi ni nyumba ya kumi na mbili, nitawasubiri mtaroni. Don Senén kakubali. Wamenichagulia hata kofia.

Wanadhani nimekwisha. Leo, baada ya kengele (kumi na mbili, nilihesabu kwa sauti), Celso kanidokeza kwamba kinu cha kukamulia tufaha nacho kina ufunguo wake, na mzee anayeutunza amechoka. Ziara kuu ya Nieves ya Oktoba ni ya kinu hichohicho! Nikiushika mimi, amekwisha.

Nimemuuliza Celso kama kuna masharti. Kasema hakuna la maana, ni karatasi ndogo tu. Nakwenda kesho asubuhi. Kalamu ninayo.