Nguruwe Wangu wa Milimita Kumi na Nane

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Kipimo kimefika kwangu! Mimi ndiye katibu wa chama cha wafugaji wa nguruwe hapa Kanyakine, na kabati langu ndilo pekee lenye kufuli. Unapaka mafuta ya kupikia mgongoni mwa nguruwe, unabandika kidude, kinapenyeza sauti isiyosikika, kisha namba ya unene wa mafuta inatokea. Bwana Gachoki, mwenye soseji kule Embu, anatafuta mfugaji mmoja tu wa kumuuzia kila wiki. Mafuta yasizidi milimita ishirini. Nafasi hiyo ni yangu. Eti jirani yangu Kiogora naye amejiandikisha. Kiogora! Mtu anayelisha nguruwe kwa ratiba, utadhani wako bwenini.

Jumanne, 13 Agosti
Nimempima nguruwe wangu mara tatu, palepale. Thelathini na tisa. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Sayansi gani hii? Mke wangu Nelius akasema tatizo ni viazi vya Kibirichia ninavyomshindilia. Mambo ya mitambo atayajulia wapi? Halafu nikagundua: ukibonyeza kwa nguvu, namba inashuka! Nikabonyeza kwa goti. Kumi na nane. Fomu nimeijaza kwa wino.

Alhamisi, 15 Agosti
Zamu ya nguruwe wa Kiogora. Nimegusa kwa kidole kimoja, kwa upole wa mkunga. Ishirini na nne. Nikampa pole. Akaomba nirudie, nikamwambia kipimo kikirudiwa kinachoka. Akaamini. Wajinga ndio waliwao.

Ijumaa, 16 Agosti
Gachoki ameidharau fomu yangu. Amechinja nguruwe mmoja wa kila mtu, akatoa rula ya shule. Wa Kiogora, kumi na saba. Wangu, thelathini na nane. Wanachama wote wamesimama hapo! Gachoki akaniuliza polepole, "Katibu, nguruwe wako alinenepa baada ya kufa?"
Nikaeleza kwamba damu ikitoka mafuta huvimba. Hakuna aliyenitetea, hata Nelius. Nafasi amepewa Kiogora. Imeniuma sana, nimelia nyuma ya zizi.

Jumapili, 18 Agosti
Sikwenda kanisani, wangenikodolea macho. Nimejipima mwenyewe: nimekilalia kidude kwa tumbo, uzito wangu wote. Milimita sita! Nelius anasema suruali yangu haifungi. Basi fundi aliikata vibaya. Jumatano anakuja mnunuzi mwingine, kutoka Meru. Nguruwe wawili waliobaki nimewaongezea viazi, wapate nguvu ya kuvumilia magoti mawili.